Jiwe la Kufulia na Msichana Aliyeitwa Bado

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali sana, maana jiwe lenyewe lipo mpaka leo na watu wanalifulia, palikuwa na shule ya bweni ya wasichana nyuma ya mlima Rungwe, kule ambako mvua ikianza asubuhi hujui itakatika lini. Jina la shule silitaji. Kama yupo hapa aliyesoma pale, anaijua, na namwomba anyamaze asiniharibie hadithi.

Chini ya mabweni kulikuwa na kijito, na kando ya kijito jiwe pana la kufulia. Mwaka mzima lilikuwa jiwe la kufulia tu, sabuni na umbeya. Ila Jumapili ya kwanza ya mwaka, dada mkuu aliwapeleka pale wageni wa kidato cha kwanza, akawapanga mstari, akawavua viatu. Mmoja mmoja alipanda juu ya jiwe, akataja jina lake, kisha akatamka nia yake, yaani akimaliza shule atakuwa nani. Wasichana wote wakajibu, "Tumesikia." Kuanzia hapo, jina ulilopewa na wazazi ndiyo basi tena. Uliitwa kwa nia yako. Daktari, lete ndoo. Hakimu, umeunguza kande. Mhandisi, amka, umelowesha godoro. Mnacheka, lakini ndivyo walivyoishi.

Na kulikuwa na sheria. Nia moja haitamkwi mara mbili katika mstari mmoja. Ukishatamka, hubadilishi mpaka siku unayoondoka. Nani alitunga sheria hizo, msiniulize mimi. Shuleni mambo mengi yalitungwa na watu ambao wameshaondoka, na waliobaki wanaogopa kuyagusa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shina la maneno.

Mwaka mmoja, katika mstari wa wageni, alisimama msichana aitwaye Tusekile. Huyu hakuwa na kwao. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, akalelewa kwa mjomba, mjomba akamhamishia kwa binamu, binamu akamhamishia kwa jirani. Kila nyumba alilala kwenye mkeka ulioazimwa. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, wewe mtoto unataka nini? Alipofika shuleni na kuambiwa atatamka nia, alitafuta ndani yake, akakuta hamna kitu.

Nyuma yake kwenye mstari alisimama Ikupa. Huyu yeye alikuja na nia yake tangu nyumbani, na alikuwa anaifanyia mazoezi kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, ili asije akakosea mbele za watu. "Nitakuwa mkunga. Nirudi kwetu, asife mtu njiani tena." Alirudia, akarudia. Ikupa alimwona mama yake akifia barabarani na uchungu wa kuzaa, wakingoja gari ambalo halikuja. Alikuwa amemshika mkono. Nia ile hakuitunga. Ilimpata pale barabarani, akiwa mtoto.

Dada mkuu akasema, "Tusekile, panda."

Tusekile akapanda. Jiwe lilikuwa la baridi. Akawatazama wasichana wote wale, nao wakamtazama. Akafungua mdomo, na maneno pekee aliyokuwa nayo yalikuwa yale aliyoyasikia nyuma ya shingo yake. Akasema, "Mimi Tusekile. Nitakuwa mkunga. Nirudi kwetu, asife mtu njiani tena."

Kwetu wapi, jamani? Lakini alishasema.

"Tumesikia," wakajibu. Akashuka, na alipopita mbele ya Ikupa hakuthubutu kumwangalia usoni.

Ikupa akapanda. Akataja jina lake, kisha akanyamaza. Dada mkuu akangoja. Wasichana wakaanza kukohoa. Ikupa alikuwa na nia moja tu, nayo ilikuwa imeshatoka kinywani mwa mwenzake, na sheria mnaijua. Angelalamika, nani angemwamini? Mwizi angeonekana yeye. Dada mkuu akachoka, akasema, "Huyu bado. Shuka." Wasichana wakaangua kicheko, na kuanzia siku ile Ikupa akawa anaitwa Bado. Bado, sogea. Bado, zamu yako ya kudeki. Hata walimu walizoea.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Lugano, mtoto wa mfanyabiashara wa viazi. Alipanda akirukaruka, akasema kwa sauti kubwa, "Nitakuwa rubani!" Baba yake alikuwa amewatangazia watu wote sokoni kwamba binti yangu ataendesha ndege. Lugano hakuwahi kuiona ndege ikiwa chini. Akaitwa Rubani.

Basi miaka ikaenda. Niwaambie ilivyokwenda kwa Tusekile.

Ukiitwa jina kila siku, mwisho unalifuata. Mwalimu wa baiolojia akifika kwenye mambo ya uzazi husema, "Mkunga, simama utueleze." Asipojua, darasa zima linacheka. Basi akajifunza kwa sababu ya aibu. Akaazima vitabu vya nesi wa shule. Akamsumbua nesi kwa maswali mpaka nesi akawa anamkimbia. Kidogo kidogo aibu ikapungua, na jambo lenyewe likaanza kumkolea. Alilipenda. Alilipenda kweli, na hapo ndipo mateso yake yalipoanza, maana kila alipoitwa Mkunga aligeuka na kumwona Bado yupo pembeni, amenyamaza. Akaogopa kukaa naye meza moja. Akaogopa kuwa na rafiki yeyote, asije akaropoka. Alikuwa na jina ambalo si lake na siri ambayo hana wa kumwambia. Mtu anaweza kuwa na upweke mkubwa sana katikati ya bweni lenye vitanda vya juu na chini.

Na Bado? Bado aliacha kusoma baiolojia. Kitabu cha somo lile alikifunga, hakukifungua tena.

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa siku ya wageni. Wazazi walipanda na vyungu vya ndizi za maziwa na vibuyu vya mtindi, wakatandika kanga kwenye nyasi, uwanja ukajaa vicheko. Kwa wale wasiokuwa na wageni kulikuwa na desturi nyingine, ambayo haikutangazwa na dada mkuu. Walichukua nguo wakashuka kijitoni kufua. Nguo zenyewe zilikuwa safi. Walizifua hivyo hivyo, wakazisuuza, wakaanza tena, ili mtu akiuliza wajibu kwamba wana kazi.

Katika mwaka wao wa mwisho, siku ya wageni, Tusekile alishuka na sare safi. Akamkuta Bado anafua shuka safi. Baadaye akashuka Rubani, na hilo liliwashangaza, kwani baba yake hakukosa kuja hata mara moja. Rubani alisema tu, "Mwaka huu nimemwambia asije. Nimechoka kuulizwa habari za ndege." Wakafua wote watatu. Mvua ikaanza kunyesha, nao hawakuondoka, kwa sababu kuondoka maana yake ni kupanda juu kwenye vicheko vya watu.

Ndipo wakasikia mtu anaguna. Mwanamke mmoja, mjamzito, alikuwa amekuja kumtembelea mdogo wake, akapita njia ya mkato ya kijitoni. Uchungu ulimkamatia hapo. Alijishika kwenye jiwe la kufulia, akasema, "Wanangu, anatoka," akakaa chini.

Rubani alisema, "Juu hatapanda huyu. Nesi hayupo leo, mnajua, na kule uwanjani hakuna anayeijua kazi hii. Namfuata Bibi Subilaga." Bibi Subilaga alikuwa mkunga wa zahanati ng'ambo ya bonde, mwanamke mzee wa begi jeusi, anayeheshimiwa na kila mtu upande ule. Bonde lile lina utelezi mbaya na mto umejaa. Rubani alivua viatu akakimbia.

Wakabaki wawili. Mtoto hakungoja. Tusekile alijua kila kitu cha kufanya, na hakuweza kunyoosha mkono. Akasimama kwenye maji akiwa amejikunyata. Bado alipiga magoti. Yeye hakujua cha kufanya, lakini mkono wa yule mama alishaushika. Akapaza sauti, "Mkunga! Niambie!"

Tusekile akaanza kusema. "Usimvute. Mwache aje mwenyewe. Shika kichwa, usibane." Bado akashika. Mtoto akatoka, akawa kimya, amelegea. "Mfute. Mfute mwili mzima, kitu kikavu, mfute kwa nguvu." Nguo zote pale zilikuwa zimelowa. Bado akavua sweta lake, upande wa ndani ulikuwa mkavu, akamfuta. "Mdomo. Pua. Msugue mgongo. Endelea." Akaendelea. "Endelea, Ikupa, usiache." Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote pale shuleni kumwita kwa jina lake. Mtoto akalia.

"Mlaze kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Wafunike. Kitovu usikikate, tumngoje Bibi."

Lakini damu ya mama haikukatika. Iliendelea kutoka, na hapo maneno ya Tusekile yaliisha na mikono ya Ikupa haikuwa na la kufanya. Mama alianza kusinzia. Wakamwita, akawa anajibu kwa mbali. Na pale walipokuwa wameanza kulia ndipo Rubani alipotokea, matope mpaka masikioni, magoti yamechubuka, amembeba Bibi Subilaga mgongoni na begi limening'inia shingoni mwake. Bibi hakusalimia mtu. Alifanya kazi yake. Damu ikakatika, mama akaishi, mtoto akaishi.

Alipomaliza, Bibi alinawa mikono kijitoni, akawatazama.

"Shikamoo, Bibi," wakasema.

"Marahaba, wajukuu. Nani alisema mtoto afutwe kabla ya yote?"

"Mimi, Bibi," akasema Tusekile.

"Mikono ya nani?"

"Yangu," akasema Ikupa.

Miguu ya nani hakuuliza, alikuwa amebebwa nayo. Akasema, "Nitarudi mkimaliza mtihani."

Akarudi kweli. Ilikuwa siku ya kufunga shule. Magari yalikuwa yanapakia masanduku, wazazi wanaita watoto wao, na uwanja ulikuwa unabaki mtupu. Wale watatu walikuwa kijitoni, wamekaa juu ya jiwe, safari hii hawakuwa hata na nguo za kufua. Bibi alishuka taratibu, akaweka begi lake jeusi juu ya jiwe.

"Nimezeeka," akasema. "Macho yananisumbua. Zahanati wameniambia nichague binti mmoja, akae kwangu, nimfundishe, kisha chuo kimpokee kwa neno langu. Nikifa, nyumba na begi ni vyake. Nimeletewa wengi, nimewakataa. Sasa nimekuta watatu, na kitanda nyumbani kwangu ni kimoja. Semeni wenyewe. Mkunga hapa ni nani?"

Lugano akacheka kidogo. "Bibi, hilo nalo la kuuliza? Mkunga ni huyu," akamwonyesha Tusekile. "Ndilo jina lake."

Tusekile alihitaji kuitikia tu. Mjukuu mmoja, kitanda kimoja, nyumba ambamo hakuna atakayemhamisha. Yeye hakuwa na gari la kumngoja wala mlango wa kurudia. Sanduku lake alikuwa amelifunga bila kujua analipeleka wapi. Angesema "ndiyo, Bibi," hadithi ingeishia hapo na mimi ningekuwa nimelala.

Akasema, "Bibi, jina hili si langu. Nililichukua kwa Ikupa, hapa hapa juu ya jiwe. Alikuwa analinong'ona nyuma yangu, nikalisema mimi. Yeye wakamwita Bado."

Lugano aliacha kucheka.

"Nilikuwa nangoja useme," akasema Ikupa. "Ungesema wiki ile ile, ningekwambia bakia nalo. Ungesema mwaka wa pili, ningekwambia vilevile. Halikuniuma jina. Iliniuma kwamba ulikuwa unanikwepa mezani, na wewe ndiye mtu pekee aliyejua mimi si Bado."

"Najua."

"Ila sasa siwezi kukwambia bakia nalo. Nimemshika yule mtoto. Bibi, nia ni yangu. Mama yangu alifia mikononi mwangu, na siku ile mama wa mtu hakufa. Nia hii mimi sikuiokota kwenye mstari."

Tusekile akafuta uso. "Kweli, Ikupa. Mimi niliiokota. Lakini wewe uliifunga, na mimi nikaifungua kila siku. Niliisomea nikiwa nachekwa. Nilianza kwa woga, nikaishia kuipenda, na yule mtoto alilia kwa sababu mmoja wetu alikuwa anajua. Nilichochukua ni neno moja. Mengine yote niliyatafuta mwenyewe. Na nikitoka hapa leo sina pa kwenda."

"Na ulishindwa kumgusa," akasema Ikupa, bila ukali.

"Nilishindwa kumgusa."

Hapo Lugano akasimama. "Mmemaliza? Maana mnagombea nia moja ninyi wawili, mnavutana kama shuka. Bibi, mimi nilitamka nia ya baba yangu. Nimeitwa Rubani na sijawahi kuitaka ndege hata kwa ndoto. Siku ile nilipokuwa nakimbia bondeni, nimeanguka, nimeinuka, ndipo nilipojua ninachotaka: nami niwe mkunga. Hakuna aliyeninong'oneza na hakuna aliyenipa. Nia yangu ni ya juzi, haijui kitu, lakini nimeichagua mwenyewe nikiwa na akili zangu. Na bila miguu yangu, Bibi, wewe ungekuwa kwako unamenya ndizi na yule mama angekuwa amezikwa."

"Baba yako anajua?" akauliza Bibi.

"Yupo juu kwenye gari, ananingoja. Nikimwambia, atawasha gari aondoke. Namjua."

Bibi Subilaga alikaa juu ya jiwe katikati yao. Kule juu honi ya gari ikalia, ikalia tena. Kisha akasema jambo moja ambalo wote watatu hawakulitegemea. "Miaka yangu yote nimezalisha watoto wa watu, na nyumbani nakula peke yangu. Nilidhani kuchagua kutanipunguzia upweke. Sasa naona yeyote nitakayemchukua, nitakuwa nimewaachia wawili upweke wangu."

Akainuka. Akalishika begi kwa mpini wake, akalinyanyua, akanyoosha mkono.

Mimi naishia hapo. Msinitazame hivyo, mlitaka kusema wenyewe, sasa semeni. Wewe uliyekuwa unacheka habari za Bado, anza wewe. Nia hii ilikuwa ya nani: aliyeipata kwa mama yake akaifunga, aliyeiiba akaitumikia mpaka akaipenda, au aliyeichagua mwenyewe akikimbia bondeni, na sasa baba yake anampigia honi?

Je, Bibi alimpa nani begi lile? Na wale wawili waliobaki juu ya jiwe, uwanja ukiwa mtupu, ni nani tena angewaita kwa majina yao?